Ngao ya Agosti na Ubingwa wa Mei: Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

Kila mwaka, kabla Ligi Kuu haijapigiwa filimbi ya kwanza, vijiwe vya kahawa na vibanda umiza vya Mpanda hugeuka kuwa mabaraza ya utabiri. Mshambuliaji mpya amefunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, basi ameshatangazwa mfungaji bora wa msimu. Kocha mpya amefungwa na wageni kutoka Zambia au Uganda, basi mashabiki wanamtafutia mrithi. Upande mmoja hukumbusha kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Upande wa pili hujibu kwamba ukimwona simba kanyeshewa usidhani ni paka. Methali zote mbili ni zetu, zote zina heshima yake, na haziwezi kuwa sahihi kwa wakati mmoja juu ya timu ileile.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kwa nini ukurasa huu, uliozoea kujadili siasa na utawala, uhangaike na mpira. Jibu langu ni kwamba mabishano ya Agosti yanahusu jambo kubwa kuliko mpira. Yanahusu ushahidi. Tunapoona sehemu ndogo ya kazi, je, tuna haki gani ya kuihukumu kazi nzima? Swali hilohilo hulikabili jopo linalochagua wachezaji wa mkoa, ofisa utumishi anayemthibitisha mwajiriwa mpya kazini, na mwananchi anayeipima serikali kwa siku zake mia moja za mwanzo. Tofauti ni kwamba mpira huweka kumbukumbu za wazi: matokeo yapo, tarehe zipo, na bingwa anajulikana. Kwa hiyo tunaweza kuupima utabiri wetu, jambo ambalo katika siasa hatulifanyi mara nyingi.

Wamarekani na swali hilihili

Watu waliolichunguza swali hili kwa muda mrefu zaidi ni Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli. Hapa kwetu besiboli ni mchezo wa wachache. Uwanja wake unaojulikana zaidi uko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Inatosha kujua kwamba mchezaji husimama na gongo, hurushiwa mpira, na kila jaribio lake la kuupiga huandikwa. Kila mwaka, kati ya Februari na Machi, timu kubwa huenda Florida na Arizona kucheza mechi za maandalizi. Kisha huanza msimu wenyewe, wenye mechi 162 kwa kila timu. Swali la mashabiki wao ndilo la kijiwe cha Mpanda: aliyepiga vizuri mwezi Machi, atapiga vizuri mwezi Julai?

Sababu za kutilia shaka ni nyingi. Katika maandalizi mpigaji hupata majaribio machache, pengine 50 au 60, ilhali msimu mzima humpa zaidi ya 500. Anayemrushia mpira leo anaweza kuwa nyota wa timu kubwa, na kesho akawa kijana ambaye hatasajiliwa. Hata huyo nyota huenda anajaribu tu aina mpya ya mrusho, wala hajali kupigwa. Upepo wa Arizona ni mkavu na mpira huruka mbali. Kwa hiyo wataalamu wengi walizipuuza kabisa takwimu za Machi.

Hata hivyo, mtakwimu wa besiboli John Dewan alionyesha kwamba kuzipuuza zote nako ni kupoteza. Alichukua wapigaji ambao nguvu yao ya kupiga katika maandalizi ilipanda sana juu ya wastani wa maisha yao yote ya uchezaji, yaani kwa pointi 200 au zaidi katika kipimo wanachokitumia. Zaidi ya asilimia 60 ya wachezaji hao waliendelea kuwa na msimu bora kuliko kawaida yao. Tuzingatie mambo mawili katika kanuni hiyo. Kwanza, haimlinganishi mchezaji na jirani yake. Inamlinganisha na historia yake mwenyewe. Pili, haijali mabadiliko madogo. Inasubiri tofauti kubwa. Na hata ikitimiza masharti yote hayo, bado hukosea karibu mara nne katika kila kumi.

Kuna uchunguzi mwingine wa zamani zaidi, ambao ninaupenda kwa sababu ya usafi wake. Mwaka 1975 wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walichapisha kazi iliyotumia rekodi za wapigaji 18 katika msimu wa 1970. Hawakutumia mechi za maandalizi, bali majaribio 45 ya mwanzo wa msimu wa kila mchezaji, kisha wakalinganisha na yaliyofuata hadi mwisho wa mwaka. Aliyeongoza alikuwa Roberto Clemente, aliyefaulu mara 18 katika majaribio 45, sawa na asilimia 40. Aliyeshika mkia, Max Alvis, alifaulu mara 7, karibu asilimia 16. Katika sehemu iliyobaki ya msimu, Clemente alishuka hadi asilimia 34.6, na Alvis akapanda hadi asilimia 20.

Mkubwa alibaki mkubwa na mdogo akabaki mdogo, lakini wote wawili walisogea kuelekea katikati. Efron na Morris walionyesha kwamba mtabiri anayezivuta namba za mwanzo za wachezaji wote kuelekea wastani wa kundi hukosea kidogo zaidi kuliko anayeziamini kama zilivyo. Katika mfano wao, makosa ya anayeziamini bila kuzivuta yalikuwa zaidi ya mara tatu ya makosa ya mwenzake. Jambo hili la kurejea kwenye wastani liliandikwa mapema na Mwingereza Francis Galton mwaka 1886, alipoona kwamba watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, ila kwa kawaida hawawazidi wazazi wao. Asubuhi huonyesha nyota, lakini huionyesha ikiwa kubwa kuliko ilivyo.

Kumbukumbu za Ngao ya Jamii

Turudi nyumbani. Tanzania ina kipimo chetu cha mwanzo wa msimu, nacho ni Ngao ya Jamii. Mchezo huu ulichezwa kwa vipindi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2009 umefanyika kila mwaka. Hadi 2024 ni matoleo 16, na misimu yote 16 iliyofuata imekwisha kupata mabingwa wake. Tunaweza kuhesabu.

Mwaka 2009 Mtibwa Sugar waliifunga Yanga bao 1-0. Bingwa wa msimu akawa Simba, ambaye hakuwapo kabisa katika mchezo ule. Mwaka 2010 Yanga waliishinda Simba kwa penalti, na ubingwa ukawa wa Yanga. Mwaka 2011 Simba walishinda 2-0 dhidi ya Yanga, wakatwaa ligi. Mwaka 2012 Simba waliifunga Azam 3-2, lakini ligi ikaenda Yanga. Mwaka 2013 Yanga waliifunga Azam 1-0, na Azam hao waliofungwa wakamaliza msimu bila kupoteza mchezo na kutwaa ubingwa wao wa kwanza. Mwaka 2014 Yanga waliilaza Azam 3-0, na 2015 wakaishinda tena kwa penalti. Misimu yote miwili wakawa mabingwa. Mwaka 2016 Azam walilipa kisasi kwa penalti baada ya sare ya 2-2, lakini Yanga ndio waliobeba kombe mwezi Mei, tena kwa tofauti ya mabao tu mbele ya Simba.

Ikafuata miaka minne ya Simba: 2017 kwa penalti dhidi ya Yanga, 2018 kwa 2-1 dhidi ya Mtibwa Sugar, 2019 kwa 4-2 dhidi ya Azam, na 2020 kwa 2-0 dhidi ya Namungo. Misimu yote minne Simba walikuwa mabingwa. Mwaka 2021 Yanga walishinda 1-0 na 2022 wakashinda 2-1, mara zote dhidi ya Simba, na mara zote ligi ikawa yao. Mwaka 2023, katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Simba walishinda kwa penalti baada ya sare tasa, na kipa Ally Salim akawa shujaa wa nchi kwa usiku mmoja. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo Yanga waliifunga Simba 5-1, na mwisho wa msimu wakawa mabingwa. Mwaka 2024 Yanga waliwatoa Simba 1-0 katika nusu fainali, wakaifunga Azam 4-1 katika fainali, na ligi ikabaki Jangwani.

Jumla yake: mshindi wa Ngao alikuwa bingwa mara 11 kati ya 16. Shabiki wa methali ya kwanza atashangilia hapa. Namwomba asubiri kidogo.

Katika misimu hiyo 16, ubingwa ulikwenda Yanga au Simba mara 15. Kwa hiyo mtu asiyejua chochote, anayerusha sarafu yenye Yanga upande mmoja na Simba upande mwingine, angepatia karibu nusu ya misimu. Na sarafu ya kawaida ikirushwa mara 16, uwezekano wa kupatia mara 11 au zaidi kwa bahati tu ni takriban 1 katika 10. Ushahidi huo si wa kubeza, lakini haumtoshi hakimu makini kutoa hukumu.

Kuna mpinzani mwingine wa Ngao mwenye hoja nzito zaidi kuliko sarafu, naye ni historia. Tuchukue kanuni nyepesi: bingwa wa mwaka jana atakuwa bingwa tena. Kanuni hiyo ilipatia mara 8 kati ya 16. Katika miaka minane Ngao na historia zilisema jambo moja, yaani bingwa mtetezi ndiye aliyetwaa Ngao; kati ya hiyo, zilipatia sita na kukosea miwili. Katika miaka hiyo Ngao haikutuambia lolote tusilolijua. Miaka yenye mafunzo ni ile minane mingine, ambapo Ngao ilimpinga bingwa mtetezi: 2009, 2010, 2011, 2014, 2016, 2017, 2021 na 2023. Hapo Ngao ilipatia mara tano, historia ikapatia mara mbili, na mwaka 2009 zote zilikosea. Ni dalili kwamba mchezo mmoja wa mwanzo wa msimu, ukichezwa kwa nguvu zote, unaweza kubeba habari mpya kuhusu kikosi kilichobadilika.

Sasa tuugawe ushindi kwa ukubwa wake, kama alivyofanya Dewan kwa wapigaji. Mara tano Ngao ilichukuliwa kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi: 2011, 2014, 2019, 2020 na 2024. Mara zote tano mshindi akawa bingwa. Mara sita ilichukuliwa kwa tofauti ya bao moja, na mshindi akawa bingwa mara tatu. Mara tano iliamuliwa kwa penalti, na mshindi akawa bingwa mara tatu. Kwa maneno mengine, ushindi mwembamba ulipatia mara 6 kati ya 11, sawa na sarafu. Ushindi mnene haujawahi kukosea. Lazima niongeze tahadhari: tano ni idadi ndogo, na katika mara tatu kati ya hizo aliyeshinda alikuwa tayari bingwa mtetezi. Msomaji asiende kuweka dau kwa hesabu hii. Lakini mwelekeo wake unalingana na ule wa besiboli: dalili ndogo ni kelele, dalili kubwa husikilizwa.

Mechi za sherehe

Ngao, hata hivyo, ni mchezo wa kikombe. Kinachoubishanisha umma zaidi ni mechi za kirafiki za Simba Day na Wiki ya Mwananchi, ambazo ni sherehe, maonyesho ya wachezaji wapya na biashara ya jezi. Hapo rekodi inachekesha. Mwaka 2021 Yanga walifungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia mbele ya mashabiki wao katika Wiki ya Mwananchi. Kisha wakamaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 2022 walifungwa tena, 2-0, na Vipers ya Uganda, siku chache kabla ya Simba kuifunga St. George ya Ethiopia 2-0 katika Simba Day. Mtabiri wa kijiweni angefanya nini? Msimu ule Yanga walitetea ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Sababu ni zilezile za Florida na Arizona. Katika mechi ya sherehe kocha hubadilisha kikosi karibu chote, mabeki hawajazoeana, mgeni amealikwa akiwa katikati ya maandalizi yake, na matokeo hayaandikwi katika jedwali lolote. Anayeangalia matokeo ya mwisho anaangalia kitu ambacho hata kocha mwenyewe hakukiangalia. Kocha alikuwa akitazama kama kiungo mpya anapokea mpira akiwa amegeukia mbele, au kama beki wa kulia anarudi kwa wakati. Wachambuzi wa besiboli nao waliligundua hilo: namna mpigaji anavyochagua mipira ya kupiga na anavyoikosa hutulia mapema na kuonyesha uwezo wake, ilhali wastani wa mapigo yaliyofaulu huyumba kwa bahati kwa muda mrefu. Kazi huonekana mapema kuliko matokeo ya kazi.

Mpanda, wakulima na vijana

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, haujawahi kuwa na timu katika Ligi Kuu. Mashabiki wa Mpanda huzishabikia Simba na Yanga kupitia runinga. Lakini swali la maandalizi na msimu wanalijua kwa mikono yao, kwa sababu wengi wao ni wakulima. Mvua ya mkoa huu ni ya msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Mvua za kwanza zikinyesha vizuri, kuna anayepanda mahindi yote siku hiyohiyo, na kuna anayepanda sehemu na kuacha mbegu nyingine ghalani. Mkulima wa pili haipuuzi mvua ya kwanza wala haisujudii. Anaipa uzito unaolingana na ufupi wake.

Tazama pia vipando vya Nanenane. Katavi hujumuika na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Mahindi ya pale hustawi ajabu: yamemwagiliwa, yamewekewa mbolea kwa kipimo, na ofisa ugani huyatazama kila siku. Kipando hicho ni mechi ya kirafiki. Kinatuambia mbegu inaweza kufika wapi ikipewa kila kitu. Hakituambii itazaa magunia mangapi katika shamba la Karema au Inyonga, ambako mwenye shamba anangoja mvua na bei ya mbolea.

Kosa la upande wa pili nalo linayo historia yake, tena jirani na hapa. Abiria anayetoka Mpanda kwa treni hupita Kaliua, na akielekea Tabora hupita Urambo. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi kwa wiki tisa hivi, kisha ukapendekeza kulimwa ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ilianza kwa ukubwa bila kutanguliwa na shamba la majaribio la maana. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikutosha, matrekta yakavunjika. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya takriban pauni milioni 36 kupotea. Hawa hawakudanganywa na mechi za maandalizi, walikataa kuzicheza. Msimu mmoja wa jaribio katika ekari mia chache usingewaambia kila kitu, lakini ugumu wa ule udongo ungewaambia. Ilikuwa dalili kubwa, ya aina isiyohitaji takwimu nyingi.

Kinachonisumbua zaidi ni vijana. Kila mwaka wanafunzi wa sekondari hupanda ngazi za UMISSETA, kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, na wengine huitwa katika majaribio ya timu za vijana. Kijana wa Dar es Salaam asiyefanya vizuri Jumamosi ataonekana tena wiki ijayo, kwa sababu viwanja, makocha na mawakala vipo mtaani kwake. Kijana wa Mpanda hupata pengine mechi tatu mbele ya macho yanayoamua, kisha hurudi nyumbani safari ya zaidi ya siku nzima.

Tufanye hesabu ndogo ya kufikirika. Mshambuliaji mzuri anafunga katika mechi moja kati ya kila mbili. Uwezekano wa yeye kumaliza mechi tatu bila bao lolote ni 1 katika 8. Mwenzake wa kawaida anafunga katika mechi moja kati ya kila nne. Uwezekano wa huyu kufunga katika angalau mechi mbili kati ya tatu ni karibu 1 katika 6. Kwa hiyo jopo linalohesabu mabao ya wikiendi moja litamwacha mshambuliaji mzuri na kumbeba wa kawaida mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Hakuna rushwa wala upendeleo katika kosa hilo. Ni uchache wa mechi tu, na uchache huo haugawanywi sawa kati ya mikoa.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji daftari. Ofisa michezo wa wilaya, pamoja na walimu wa michezo shuleni, wakiandika kila mechi ya mwaka mzima, yaani dakika alizocheza kijana, mashuti yaliyolenga goli, mipira aliyopoteza, nafasi alizowatengenezea wenzake, basi kijana huyo ataingia kwenye mashindano ya mkoa akiwa na historia. Jopo litakuwa na kitu cha kulinganisha na zile mechi tatu. Likimwona ameng'ara kupita kawaida yake, litajua kuuliza kwa nini. Likimwona amezubaa, litajua kwamba huyo si yeye. Asiye na kumbukumbu huhukumiwa kwa siku moja, na mikoa ya pembezoni ndiyo isiyo na kumbukumbu.

Ofisi na siasa

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mwajiriwa mpya serikalini kwa kawaida hukaa miezi 12 katika kipindi cha majaribio. Aliyeweka muda huo alikuwa na busara, kwa sababu mwaka una majira yote: wiki tulivu na wiki ya kufunga hesabu, mkuu mpole na mkuu mkali, safari na ukaguzi. Busara hiyo hupotea pale ambapo msimamizi anajaza tathmini kwa kumbukumbu ya mwezi wa kwanza, au kwa tukio moja la mwezi wa mwisho. Ni hivyohivyo kwa walimu wanaomkatia tamaa mwanafunzi kwa mtihani wa utamilifu, ule tuliozoea kuuita moko. Mtihani huo ni dalili. Ukiwa umeporomoka kupita kawaida yote ya mwanafunzi, uchunguzwe. Ukiwa umepungua kidogo, uwekwe katika wastani wa miaka yake minne.

Kuhusu siasa, hesabu inazungumza yenyewe. Siku 100 ni kama asilimia tano na nusu ya muhula wa miaka mitano. Mchezo mmoja wa Ngao, ukilinganishwa na mechi 30 za ligi ya timu 16, ni kama asilimia tatu. Kiongozi mpya anayefukuza watu kazini hadharani katika wiki ya kwanza, au anayezuru soko bila taarifa, anacheza Simba Day yake. Uwanja umejaa, jezi ni mpya, mpinzani amealikwa. Wanaharakati nao wasikimbilie kumzika kiongozi kwa sababu ya kosa moja la mwezi wa pili. Waangalie kile ambacho kocha hukiangalia: je, fedha zilizotengwa zinafika halmashauri kwa wakati? Je, mikutano ya vijiji inafanyika na mapato na matumizi yanasomwa? Je, zabuni zinatangazwa? Mambo hayo hayapigiwi makofi, lakini hutulia mapema, na yakianza kuharibika huharibika wazi.

Basi, kwa wale wa vijiweni, jibu langu kwa swali la kichwa cha makala haya ni ndiyo, kwa masharti. Mwanzo husema kitu. Husema zaidi pale mchezo unapokuwa wa kweli, tofauti inapokuwa kubwa, na tunapoilinganisha na historia ya mhusika mwenyewe. Husema kidogo sana pale unapokuwa sherehe, tofauti inapokuwa bao moja, na msemaji anapokuwa hana daftari. Mwezi Agosti ujao, kabla ya kumtangaza mfungaji bora au kumfukuza kocha, mtu aulize mambo hayo matatu. Na ofisa michezo wa Mpanda atakayeanza kuandika mechi za shule za mwaka huu atakuwa amewafanyia vijana wa Katavi jambo ambalo hakuna jopo la wikiendi moja litakaloweza kuwafanyia.